Jinsi ya kubadili sifa za sini nyingi za Godot kwa mkupuo, ukimtumia wakala wa akili mnemba

Juzi kuna mdau kaniuliza hapa kafe nilipunguzaje mwanga wa taa kwenye gemu yangu nzima bila kufungua sini moja moja. Nilimjibu harakaharaka maana dakika zake zilikuwa zinaisha. Sasa naandika kamili ili na wengine wapate.

Tuanze na maana. Wakala wa akili mnemba siyo wa kupiga naye stori tu. Huyu unampa folda ya gemu, anasoma mafaili, anatafuta, anaandika na kuendesha amri mwenyewe. Wapo wanaounganishwa na injini ikiwa wazi kupitia MCP, utaratibu ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024, na wapo wanaofanya kazi kwenye mafaili moja kwa moja. Mimi natumia njia ya mafaili, ndiyo nitakayoieleza.

Injini ni Godot. Ilianzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2014. Ni ya bure, haihitaji kuinstoo, inakaa kwenye flashi na kufunguka kwenye kompyuta ya kafe (kama kadi ya picha siyo ya enzi za mababu). Ila kubwa kwetu ni kwamba sini ya Godot kwa kawaida huhifadhiwa kama maandishi, faili la .tscn. Ukilifungua kwa Notepad unakuta vitu kama hivi:

[node name="Taa3" type="PointLight2D" parent="Barabara"]
energy = 1.4
shadow_enabled = true

Mstari wa juu ni nodi, inayofuata ni sifa zake. Ndani ya Godot unaweza kuchagua nodi nyingi na kubadili sifa zake pamoja kwenye Inspector, lakini ni za sini moja tu iliyo wazi. Gemu yangu ya bodaboda ina sini 38 na taa 112. Fanya hesabu mwenyewe.

Basi mara ya kwanza nikamwambia wakala: "Taa zote energy iwe 0.6." Dakika mbili, kasema tayari. Nikafurahi, nikafunga, nikarudi nyumbani. Kesho yake naifungua, dah! Barabara moja giza, ya pili inawaka kama uwanja wa mpira, na hata mwezi umefifia. Na Jumamosi kuna jamaa anakuja kuiona, akiipenda anilipe nimtengenezee ya duka lake.

Kilichotokea ni hiki. Godot haiandiki kwenye faili sifa iliyobaki kwenye thamani yake ya mwanzo. Energy ya taa ya 2D huanza na 1.0, kwa hiyo taa ambayo hujawahi kuigusa haina mstari wa energy kabisa. Wakala alitafuta neno "energy", akakuta mistari 32, akaibadili yote. Thelathini na moja ilikuwa taa zangu, mmoja ulikuwa wa mwezi, ambao ni DirectionalLight2D na wenyewe una energy. Taa 81 hakuziona. Kibaya zaidi, zile 31 ndizo nilizokuwa nimezipanga kwa mkono, kuna ya 1.4 ya sheli, kuna ya 0.3 ya nguzo mbovu. Zote zikawa 0.6. Ctrl+Z ya Godot haimhusu mtu aliyeandika kwenye faili kutoka nje. Kopi niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya wiki mbili nyuma, sini sita hazikuwemo, nikazipanga upya kwa macho.

Mtego mwingine ni instance. Kama taa yako ni sini yake, tuseme Taa.tscn, ukiiweka ndani ya sini nyingine mstari wake hauna type="PointLight2D", una instance=ExtResource(...). Ukitafuta kwa aina ya nodi, inakupita. Hapo Taa.tscn ibadilishwe mara moja, na kwenye sini nyingine iguswe pale tu ambapo instance ina energy yake yenyewe. La sivyo taa inapunguzwa mara mbili.

Siku hizi kabla ya chochote nafunga Godot, kwa sababu sini ikiwa wazi humo nawe ukasevu, toleo la zamani linaweza kufuta kazi ya wakala. Kisha nahifadhi folda nzima kwa Git (inafanya kazi bila bando). Halafu naandika hivi, kwa Kiswahili hikihiki, anaelewa:

"Usibadili kitu kwanza. Nihesabie PointLight2D zote kwenye kila sini, pamoja na zilizoingia kwa instance. Onyesha energy ya kila moja hata kama haijaandikwa kwenye faili. Kisha subiri."

Hesabu ikigoma kufika 112, hatuendelei. Ikifika, namwambia azidishe kwa 0.6, siyo aweke 0.6, ili tofauti zangu zibaki. Namkataza kugusa uid na id za juu ya faili maana ndizo zinazounganisha picha na sini. Pia namtaka aandike skripti fupi ya kupita mafaili yote badala ya kuyasoma moja moja kwenye mazungumzo, kule salio linaliwa vibaya mno. Mwisho natazama git diff --stat. Nikiona faili lisilohusika na taa, narudisha nyuma.

Kwa vivuli ni kinyume. Shadow_enabled huanza ikiwa imezimwa, hivyo kuzima vivuli vyote ni kufuta mistari tu. Gemu ikapumua kwenye kompyuta namba nne, ile nzito kuliko zote hapa.

Jamaa wa Jumamosi alikuja Jumapili. Kasema taa ziko poa, ila pikipiki inakwenda polepole mno, nirekebishe tuonane tena. Mwenye swali aliache hapo chini, abandike na ile mistari ya .tscn tuione.