Digadi na madigadi

Madigadi limetokana na neno la Kiingereza, mudguard, lililotaja kitu kimoja tu: kinga ya matope juu ya gurudumu. Masikio ya Waswahili yalisikia ma- ya mwanzo, yakaichukulia kuwa ya wingi kama katika magari, na umoja ukapatikana bila taabu: digadi. Kwa mantiki hiyohiyo kipilefti, kutoka Kiingereza keep left, kilizaa vipilefti.

Kwenye pikapu, adui wa digadi la mbele ni tairi lenyewe. Chini ya digadi hilo, kati ya mkono wa gurudumu na chasisi, hukaa kipande kidogo cha mpira kinachozuia gurudumu lisipande kupita kiasi springi inapobonyea. Mpira huo ukichakaa au ukang'oka, gari lenye mzigo likidumbukia shimoni chuma hugonga chuma, na tairi huweza kukwangua plastiki ya ndani ya digadi, hasa likiwa kubwa kuliko la kiwandani. Plastiki ikitoboka, matope hupenya hadi kwenye bati na kutu huanza. Dalili ya mapema ni mkwaruzo laini, unaong'aa, upande wa ndani wa digadi. Fundi anayenyoosha bati bila kuutazama mpira ameacha chanzo palepale.