Ritifaa: Alama Ndogo, Dhima Kubwa

Washairi wenzangu, nilipokuwa nikifundisha sekondari hapa Bagamoyo, mwanafunzi mmoja aliniletea shairi la kuwasuluhisha ndugu wawili waliochukiana. Alikusudia kuwaasa kuhusu chuki, "Ng'oa iliyo moyoni". Akaandika, "Ngoa iliyo moyoni". Ngoa ni wivu na tamaa. Mizani zilibaki nane vilevile, bali wasia uligeuka kuwa shutuma.

Kosa hilo lina historia. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na herufi moja ya ghaini iliweza kubeba gh, g, ng na ng'. Msomaji aliutambua mtamko kwa kuijua lugha. Kisha zikaja herufi za Kirumi. Mwaka 1903 Carl Velten alichapisha kwa herufi hizo "Desturi za Wasuaheli", kitabu ambacho sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda, jirani na mji wetu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na katika tahajia sanifu ng na ng' zikatengana. Sauti ambayo zamani msomaji aliikisia sasa ikawa na alama yake.

Kanuni yake ni nyepesi. Tamka neno: g ikisikika, kama katika ngoma na ngalawa, usiweke ritifaa. Sauti ikiishia puani, kama katika ng'ombe, au samaki wa ng'onda sokoni kwetu, iweke, tena baada ya g. "N'gombe" si sahihi.

Ritifaa ina kazi ya pili, ambayo washairi tunaijua: huonyesha inkisari. "Nitakuja" ina mizani nne. "'Takuja" ina tatu. Hapo alama husimama mahali pa silabi iliyoachwa. Katika ng' haiachi kitu. Ni sehemu ya sauti yenyewe.

Leo vidole vinakimbia juu ya simu, na ritifaa inaachwa njiani. Wazee walisoma bila alama hiyo kwa sababu sauti walikuwa nayo masikioni. Mjukuu atakayejifunza neno kwa kulisoma tu atalipata wapi sikio hilo? Basi, kabla hujalitoa shairi lako, hesabu mizani, kagua vina, kisha tazama ritifaa.