Yamaha YA-1

Yamaha YA-1 ni pikipiki ya kwanza ya Yamaha, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1955. Injini yake ya silinda moja, cc 125, inayochoma petroli iliyochanganywa na oili, ilifuata DKW RT 125 ya Ujerumani. Wajapani waliongeza gia ya 4. Kwa wekundu wake iliitwa Akatombo, yaani kereng'ende mwekundu. Julai 1955 ilishinda mbio za kupanda Mlima Fuji, ushindi mkubwa kwa kampuni changa.

Wakusanyaji wanaoifufua husumbuliwa na vipuri. Ringi na bushi fundi hodari huweza kuzichonga. Tangi na madigadi ya asili ni adimu mno. Rangi ya kiwandani iliyosalia, hata ikiwa imepauka, isikwanguliwe.