Mkataba wa Yambuya: Nani Hubeba Hasara?

Mimi ni mzaliwa wa Kisangani, mji uliowahi kuitwa Stanley Falls. Mama yangu anauza vitenge sokoni. Mwaka jana alimlipa msafirishaji amletee mzigo kutoka Kinshasa kwa mashua. Mashua ilikawia miezi mitatu, vitenge vikaloa. Mama alipodai fidia alionyeshwa karatasi aliyotia sahihi, nayo haikusema lolote juu ya kuchelewa. Tangu hapo najiuliza: ukimkabidhi mwingine kazi ya kubeba mzigo wako, unamkabidhi na hasara pia? Nitajibu kwa historia ya Yambuya, kijiji kilicho kando ya mto Aruwimi, si mbali sana na kwetu.

Februari 1887 Henry Morton Stanley alifika Unguja. Alikuwa anakwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama karibu na Ziwa Albert, na alitaka kupitia mto Kongo. Mizigo ilikuwa mingi kuliko wabebaji. Basi akamwendea bingwa wa misafara, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, tajiri wa pembe na watumwa. Waliandikiana mkataba: Tippu Tip atatoa wapagazi 600.

Juni 1887 Stanley alitangulia msituni. Nyuma, Yambuya, aliacha kikosi chini ya Meja Barttelot kulinda mizigo na kungoja wapagazi. Wapagazi hawakuja. Tippu Tip alisema hakupewa baruti aliyoahidiwa. Wazungu walisema anawachezea. Kila upande ulishika neno lake, na miezi ikapita. Juni 1888, karibu mwaka mzima baadaye, walifika Wamanyema wapatao 400, kwa sharti kwamba mizigo ipunguzwe uzito. Ikabidi ifunguliwe na kufungwa upya. Mwezi uliofuata Barttelot alipigwa risasi akafa. Stanley aliporudi Agosti alikuta kikosi kimekwisha kusambaratika.

Sasa, nani alilipa? Stanley alifungua madai Unguja, kisha akayaacha. Alirudi Ulaya akaandika kitabu. Tippu Tip alirudi Unguja na mali yake, akafa huko mwaka 1905. Waliolipa ni watu wa kambini, wengi wao kutoka Unguja. Walikula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, wakaugua, wakazikwa pale pale. Zaidi ya nusu yao walikufa au walitoroka. Si wao waliotia sahihi mkataba.

Sisemi kwamba Stanley alikosea kumtafuta bingwa. Bila wapagazi mizigo isingesogea, na katika nchi hii hakuna aliyekuwa na watu wengi kama Tippu Tip. Lakini naona kwamba kazi inaweza kuhamishwa kwa sahihi moja, hasara haihami hivyo. Mabwana wawili wakibishana, hasara hushuka mpaka kwa yule asiye na karatasi mkononi.

Kwa kumalizia, mama bado hutumia wasafirishaji, maana hana mashua. Ila sasa, kabla ya kulipa, ananiita nimwandikie mambo matatu: siku ya kufika, uzito wa mzigo, na nani atalipa mzigo ukikawia. Msafirishaji wa kwanza alikataa kutia sahihi. Wa pili alikubali.