Paneli ya sola huzeeka vipi?

ANAYENUNUA paneli ya sola huambiwa kuwa itamfaa kwa miaka 25. Wengi hudhani kwamba muda huo ukiisha, paneli itazimika kama taa. Sivyo. Kwa kawaida, maana ya dhamana hiyo ni kwamba baada ya miaka 25 paneli itakuwa ingali inatoa angalau asilimia 80 ya nguvu ilizokuwa nazo ikiwa mpya.

Ajabu ni kwamba silikoni yenyewe, inayogeuza mwanga kuwa umeme, haichakai kwa urahisi. Kinachozeeka ni vazi lake. Vipande vya silikoni hufungwa ndani ya plastiki laini, mbele kukawa na kioo na nyuma karatasi ngumu ya plastiki. Miale mikali ya jua huigeuza plastiki hiyo ikawa ya manjano, kisha ya hudhurungi, na mwanga unaopenya hupungua. Unyevu ukiingia, baadhi ya plastiki hizo hutoa asidi ile ile iliyomo katika siki, nayo hula nyaya nyembamba zinazobeba umeme. Joto la mchana na baridi ya usiku nazo huvivuta viungo vilivyochomelewa, mwaka baada ya mwaka, hadi vikapata nyufa. Pwani, chumvi ya baharini huongeza kutu.

Ushahidi bora upo Lugano, kusini mwa Uswisi. Mnamo Mei 13, 1982, paneli 288 ziliunganishwa huko na umeme wa taifa, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwingine Ulaya. Zote ziliundwa na kampuni moja, lakini plastiki zilizotumika hazikutoka kwa mwuzaji mmoja. Zilipopimwa baada ya miaka 35, zilizokuwa na plastiki nzuri zilikuwa zimepoteza takriban asilimia 0.2 tu ya nguvu kwa mwaka, ilhali zile dhaifu zaidi zilipoteza takriban asilimia 0.7.

Hapa Kenya, paneli ndogo zilizouzwa kwa wingi miaka ya 1990 zilikuwa za silikoni ya aina nyingine, iliyotandazwa juu ya kioo mithili ya rangi. Bei ilikuwa nafuu. Hata hivyo, aina hiyo hupoteza kati ya asilimia 10 na 30 ya nguvu katika miezi ya kwanza juani, kisha hutulia. Mwuzaji mwaminifu huandika wati zinazosalia baada ya kutulia. Mwingine huandika za siku ya kwanza. Mkulima aliyelalamika kuwa ametapeliwa, pengine alikuwa na haki.

Kabla ya kuilaumu paneli, ifute vumbi asubuhi kabla haijapata joto, kisha fundi aipime betri. Betri za asidi huchoka baada ya miaka michache tu, na taa zikififia, mara nyingi hiyo ndiyo sababu. Lakini ukiona karatasi ya nyuma imepasuka au kioo kimevunjika, usiiguse kwa mikono mitupu, hasa mvua inaponyesha.