Usomaji wa magazeti redioni

Usomaji wa magazeti redioni ni kipindi cha asubuhi ambacho mtangazaji huwasomea wasikilizaji vichwa vya habari vya magazeti ya siku hiyo, pengine na muhtasari wake. Nchini Tanzania kipindi hiki huwafikishia habari wengi wasionunua gazeti. Kwa kawaida mtangazaji hutaja jina la gazeti, husoma habari kubwa ya ukurasa wa mbele, kisha zile ndogo. Habari za michezo, hasa za klabu za soka za Simba na Yanga, huja mwishoni.

Redio ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 1951. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, magazeti na vituo binafsi vya utangazaji viliongezeka, na uchambuzi wa magazeti ukaenea redioni na kwenye televisheni. Hata mtaani wako wanaoishia kwenye vichwa bila kununua gazeti: wapita njia husimama mbele ya meza ya muuza magazeti, husoma vichwa na kuendelea na safari.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Kipindi hiki kinaitumikia haki hiyo, lakini kichwa cha habari pekee hakitoshi: ushahidi, takwimu na kauli ya upande wa pili vimo ndani ya habari. Tena, gazeti lisiponunuliwa hukosa fedha za kumtuma mwandishi kuchunguza, na jamii nzima hupoteza.