Kiti Kilichouzwa Mara Mbili: Chimbuko la Fidia kwa Abiria Walionyimwa Safari

Desturi ya mashirika ya ndege kuuza tiketi nyingi kuliko viti ilitokana na makisio: kwa kuwa zamani abiria aliweza kuweka nafasi na asitokee bila kutozwa chochote, shirika lilikadiria idadi ya watakaokosa kufika na kuuza ziada kwa kiasi hicho, na hesabu ilipokosewa, mwenye tiketi halali ndiye aliyebaki uwanjani. Nchini Marekani, Bodi ya Usafiri wa Anga, yaani chombo cha serikali kilichosimamia nauli na njia za ndege, haikuipiga marufuku desturi hiyo, bali mwaka 1967 iliyaamuru mashirika yamlipe fidia abiria aliyeachwa. Amri hiyo ilikuwa ya haki lakini pungufu, kwani haikumhakikishia msafiri kuambiwa mapema kwamba nafasi yake, ingawa imethibitishwa, ingeweza kupewa mwingine.

Upungufu huo ulidhihirika Aprili 1972, pale Ralph Nader, mtetezi mashuhuri wa haki za walaji, alipozuiwa kupanda ndege ya shirika la Allegheny kutoka Washington kwenda Hartford, ambako alikuwa akisubiriwa kuhutubia mkutano. Viti vilikuwa 100, na nafasi zilizothibitishwa 107. Nader aliikataa fidia ya dola 32.41, iliyolingana na nauli yake, akafungua kesi akidai kwamba shirika lilimpotosha kwa kuficha desturi yake. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba kuwepo kwa bodi hakumzuii abiria kupeleka dai la namna hiyo mahakamani, na uzito wa kesi umo katika uamuzi huo kuliko katika kiwango chochote cha fedha, kwa kuwa tangu hapo ukimya wa mashirika uliweza kuhojiwa mbele ya hakimu.

Swali la nani abaki lilikuwa limekwisha kujibiwa kwa busara mwaka 1968 na mwanauchumi Julian Simon, aliyependekeza mnada wa kinyume, ambamo kila abiria angeandika kiasi kidogo kabisa ambacho angekubali kulipwa ili aahirishe safari, na wenye madai ya chini wakachukuliwa kwanza. Mashirika yaliupuuza ushauri huo kwa miaka kumi, hadi bodi, chini ya uongozi wa mwanauchumi Alfred Kahn, ilipoagiza mwaka 1978 kwamba watafutwe kwanza wanaojitolea kabla ya yeyote kuachwa kwa lazima.

Ulaya ilitunga kanuni yake mwaka 1991, kisha ikaiimarisha kwa Kanuni 261 ya mwaka 2004, inayotoza euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Kanuni hiyo humlinda abiria anayeondoka Amsterdam kwenda Nairobi kwa shirika lolote, lakini anayeondoka Nairobi kwenda Amsterdam hulindwa nayo endapo tu shirika linalomsafirisha ni la Umoja wa Ulaya.